Mgeni Ameonyeshwa Nini?

Somo: 2 Wafalme 20:12–19. Soma pia Isaya 39 na 2 Wafalme 21:1.



Wiki hii shule zinafungwa na watoto wetu wanarudi nyumbani. Wengine wakishuka tu pale steji ya Emali, kabla hata hawajauliza kumepikwa nini, watauliza simu iko wapi na chaja iko wapi. Kwa hiyo neno la Jumapili hii nalielekeza kwa mzazi na kijana pamoja. Naomba ukalisome nyumbani kwa sauti, watoto wakiwapo.

Mfalme Hezekia alikuwa mgonjwa wa kufa. Akageukia ukuta, akalia, Mungu akamsikia na kumwongezea miaka 15. Habari za ugonjwa wake zikafika hadi Babeli. Mfalme wa kule akatuma wajumbe, na barua, na zawadi. Hezekia akafurahi. Akawatembeza wageni wale kila mahali: ghala la fedha na dhahabu, manukato, mafuta ya thamani, hata nyumba ya silaha. Biblia inasema hakuna kitu ndani ya nyumba yake ambacho hakuwaonyesha.

Wageni wakaenda zao, na ndipo nabii Isaya akaja. Angalieni vizuri jinsi alivyokuja. Hakuanza na hukumu. Alianza kwa kuuliza: walisema nini, walitoka wapi, na waliona nini. Ni maswali matatu tu, na hayo ndiyo ninayotaka kila mzazi wa kanisa hili aende nayo nyumbani leo.

Wazee wa Ukambani walikuwa na thome, ule uwanja wa nje ya lango la boma, ambapo wanaume waliota moto jioni na vijana wakafundishwa. Mgeni alipokelewa hapo thome. Akishajulikana, aliingia ndani ya boma. Lakini hakuna mgeni aliyetoka barabarani moja kwa moja hadi chumba cha mama. Hakuna aliyewaita wazee washamba kwa sababu hiyo. Waliwapenda wageni, na bado walijua kila mgeni anaishia wapi.

Simu imeondoa thome. Mtoto wa miaka 13 anaposti picha, na mtu ambaye hakuna anayemjua hapa Emali ameshaingia chumbani. Ameona kitanda, ameona yunifomu imetundikwa ukutani na beji ya shule inasomeka. Hakubisha hodi, na wewe mzazi uko jikoni unasonga ugali, hujui nyumba ina mgeni.

Sasa tuyachukue maswali ya Isaya moja baada ya jingine.

Swali la kwanza: amesema nini?

Wale wa Babeli hawakuja na upanga. Walikuja na pole. Walisikia mfalme alikuwa mgonjwa, wakaleta maneno mazuri na zawadi. Adui mwenye akili huanza hivyo, anatafuta mahali unapoumwa.

Nitasimulia habari ya binti mmoja, na nimepata ruhusa yake na ya mama yake. Sitasema jina wala shule, na nawaomba msiketi pale nje baada ya ibada mkikisia ni nani. Kulinda siri ya mtoto kunaanzia kwenye midomo yetu.

Binti huyu aliandika kwenye mtandao kwamba amechoka, hakuna anayemwelewa nyumbani. Ni maneno ya kawaida, kila kijana huyasema. Usiku huohuo akapata ujumbe kwa inboksi: pole sana, mimi nakuelewa. Mtu yule alijiita kijana wa Mombasa, picha yake safi, maneno yake matamu. Baada ya siku nne akamtumia kredo ya shilingi 50. Baada ya wiki mbili akaomba picha, tena picha ya kawaida tu. Kisha akaomba nyingine. Kisha akaomba ile ambayo mtoto yeyote akiombwa anajua moyoni kwamba haifai. Na alipoipata, sauti ikabadilika saa hiyohiyo: tuma shilingi 3,000, la sivyo picha hii inaenda kwa mama yako na kwa grupu ya darasa lenu.

Binti akachukua simu ya mama usiku, akatuma pesa ya chama. Kesho yake mtu yule akaitisha 5,000.

Mnaona mpangilio huo? Pole, zawadi, ombi dogo, ombi kubwa, kisha vitisho. Vijana wangu, nawaomba muukariri kama mnavyokariri mistari ya kumbukumbu. Mtu usiyemjua akikuletea pole na zawadi, jiulize anataka kuonyeshwa nini. Na ukishatishwa, ujue kulipa hakumalizi neno. Anayelipwa leo hurudi kesho, maana amejua mlango upi unafunguka.

Binti hawavui wavulana hatarini. Wavulana nao wananaswa hivyohivyo: picha ya msichana mrembo, maneno ya mapenzi, ombi la kufungua kamera, na nyuma yake ni mwanaume mzima anayetafuta pesa. Mvulana anaona haya kusema, anakaa na moto kifuani peke yake.

Swali la pili: ametoka wapi?

Hezekia alimjibu nabii kwamba wageni wametoka nchi ya mbali, Babeli. Alijua wametoka mbali, na hakujiuliza waliyemwacha nyuma yao anatafuta nini.

Sisi wa Emali tumezoea wapitanjia. Mji wetu umekaa kwenye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, na njia ya Oloitoktok inaanzia hapa. Matrela yanalala hapa, wachuuzi wa mifugo wanakuja hapa, treni inashusha watu hapa. Tunawauzia chai, tunawasalimu, tunaishi vizuri nao. Lakini hakuna mama hapa ambaye angemruhusu binti yake aketi saa tano usiku ndani ya lori la mtu asiyemjua. Sasa mama yuleyule analala, na chini ya blanketi binti anachati na watu watatu ambao mama hajawahi kusikia majina yao. Kwangu mimi hakuna tofauti kubwa kati ya lori hilo na blanketi hilo.

Picha ya profaili si kitambulisho. Sauti inaweza kuigizwa, na siku hizi hata video inaweza kutengenezwa na kompyuta. Ukiambiwa “mimi pia niko Gredi ya 9,” muulize kitu ambacho mwanafunzi tu angejua. Akikwambia usimwambie mtu yeyote mnaongea, hapo umeshapata jibu la ametoka wapi. Rafiki wa kweli haogopi mama yako ajue jina lake.

Lakini wazazi, tusitazame mbali tu. Mwaka 2021 UNICEF, ECPAT na INTERPOL walichapisha utafiti uliofanyika hapa Kenya kuhusu watoto wa miaka 12 hadi 17 na mitandao. Mambo mawili katika utafiti ule yanafaa kutukosesha usingizi. La kwanza, mara nyingi anayemdhuru mtoto mtandaoni ni mtu ambaye mtoto tayari anamjua. La pili, watoto wengi walioumizwa hawakuripoti kwa polisi wala kwa simu ya msaada. Anaweza kuwa jirani, binamu, mtu wa boda anayempeleka shule. Anaweza kuwa mtu anayeimba kwaya. Kwa hiyo usiseme, “Huyo ni wa kanisani, hana shida.” Uliza tu, kwa upole, anamwandikia mtoto wako nini saa nne usiku.

Swali la tatu: ameona nini?

Hapa ndipo jibu la Hezekia linaponishika. Angeweza kumdanganya nabii. Hakudanganya. Alisema wameona vyote. Ni jibu la aibu, lakini ni jibu la kweli, na kwa kweli hiyo nampa heshima.

Kijana, hebu pitia simu yako leo kama mgeni. Mgeni ameona nini? Ameona jina la shule kwenye sweta. Ameona nambari ya simu. Ameona siku yako ya kuzaliwa. Ameona kwenye stetasi kwamba familia yote iko kwenye treni kuelekea Mombasa, na sasa anajua nyumba haina mtu hadi Jumapili. Hakuna hata moja kati ya hizo lililo dhambi. Lakini aliyeziokota zote amekujua, na wewe humjui.

Nanyi wazazi mnaocheka, ngojeni. Nani aliyeposti cheti cha KCSE cha mtoto, jina na nambari ya mtihani vikionekana? Nani aliyeweka skrinshoti ya M-Pesa, jina la mtu na salio la akaunti viko pale? Mtoto hujifunza kuanika nyumba kwa kumtazama mwenye nyumba.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wanalifanya na kuliona dogo: kudanganya mwaka wa kuzaliwa ili wafungue akaunti. TikTok, kwa mfano, inataka mtu awe na miaka 13 kwenda juu. Wa miaka 13 hadi 15 akaunti yake huanza ikiwa imefungwa kwa watu asiowakubali, na hawezi kuandikiwa ujumbe wa faragha. Sasa mtoto wa miaka 12 anaandika ana miaka 19. Mtandao unamwamini, unamfungulia kila mlango, na mtu mzima yeyote anaweza kumfuata inboksi. Ule uongo mdogo umebomoa ua uliowekwa kumlinda. Mungu anapotukataza uongo, anatulinda pia.

Basi jioni ya leo, kabla ya kulala, mzazi na mtoto wakae meza moja wafanye mambo manne. Kama hujui simu, mtoto akufundishe, hiyo si aibu.

Moja, akaunti zote ziwe za faragha, na umri ulioandikwa uwe wa kweli. Pili, kwenye WhatsApp, picha ya profaili na stetasi zionekane na watu waliohifadhiwa kwenye simu tu, na asiwe kila mtu anaweza kukuingiza kwenye grupu. Tatu, washa uthibitishaji wa hatua mbili, ile PIN ya tarakimu sita, na usimpe mtu yeyote nambari inayoletwa na SMS, hata akisema yeye ni mwalimu. Nne, zima ile huduma ya mahali kwenye kamera, ili picha isimwonyeshe mtu ulipo.

Tena simu zote, hata ya baba, zilale sebuleni. Nasema hata ya baba.

Neno kwa anayesambaza

Hezekia aliwaonyesha wageni hazina yake mwenyewe. Kuna vijana wanaoonyesha hazina ya mtu mwingine. Umetumiwa picha ya msichana wa watu, unacheka, unaipeleka kwenye grupu nyingine. Unasema, “Si mimi niliyeipiga.”

Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni haikupi nafasi hiyo. Kusambaza picha ya utupu ya mtu kunaweza kukupeleka jela hadi miaka miwili, au faini hadi shilingi 200,000, au vyote viwili. Ikiwa picha ni ya mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18, adhabu inaweza kufika miaka 25 au faini ya shilingi milioni 20. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, hebu mkumbuke wana wa Nuhu. Baba yao alilala uchi hemani. Mmoja akaona, akatoka kwenda kusimulia. Wawili wakachukua nguo, wakatembea kinyumenyume, wakamfunika bila kutazama. Kijana wa kanisa hili akiletewa uchi wa mwenzake, na awe na vazi mkononi. Usifungue tena, usitume kwa mtu, na mwambie mtu mzima unayemwamini kabla hiyo picha haijafika mbali.

Amani katika siku zangu

Sasa nafika mahali panaponitia uchungu katika somo hili. Isaya alimwambia Hezekia kwamba vyote walivyoviona wageni vitabebwa, na wazao wake watachukuliwa wakatumike katika jumba la mfalme wa Babeli. Baba anaambiwa watoto wako watachukuliwa. Naye akasema moyoni, ni vyema, mradi kuna amani na kweli katika siku zangu.

Hiyo ndiyo sauti ya mzazi anayesema, “Hayo ya mitandao ni mambo yao vijana, mimi simu yangu ni ya kupiga na kupokea.” Nyumba imetulia, mtoto yuko kimya kwenye kona na simu yake, hakuna kelele. Tunaita amani. Lakini kimya cha mtoto mwenye simu hakimaanishi kwamba yuko salama.

Geuza ukurasa mmoja tu. Hezekia aliongezewa miaka 15, na alipokufa, Manase mwanawe akatawala akiwa na miaka 12. Hesabu hiyo mwenyewe. Manase alizaliwa ndani ya ile miaka ya nyongeza. Alikua katika nyumba ya amani, ya baba aliyeomba na kujibiwa, akawa mfalme aliyejaza Yerusalemu sanamu na damu. Biblia haituambii baba yake alimfundisha nini. Inatuambia tu kwamba alikuwa na miaka 12, umri ambao wengi wetu tunawapa watoto simu ya kwanza.

Namrudia yule binti. Kilichomfunga kilikuwa nini? Hazikuwa nguvu za yule mtu, maana hakujua hata nyumba yao. Kilichomfunga ni hofu ya mama. Aliamini kwamba mama akijua atamuua. Mtu yule alitumia mama kama fimbo. Siku binti alipopata ujasiri akamwambia mwalimu wake wa Sunday school, wakaenda pamoja kwa mama, mama alilia, akanyamaza, kisha akamwambia, “Wewe ni wangu. Hiyo picha ifike popote inapofika, wewe ni wangu.” Wapendwa, hapo fimbo ikavunjika. Yule mtu aliandika mara tatu zaidi, hakulipwa, akanyamaza. Picha iko wapi leo, hatujui. Binti yuko shuleni.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, sema mapema, kabla ya tatizo: “Ukikosea mtandaoni, njoo kwangu kwanza. Nitaumia, lakini sitakufukuza.” Ukisema utavunja simu na kuvunja mgongo, hujamzuia mtoto kukosea. Umemzuia kukwambia.

Kama tayari imetokea

Kijana, usilipe na usitume picha nyingine. Usifute ujumbe, huo ni ushahidi. Piga skrinshoti ya maneno ya vitisho, jina la akaunti na nambari ya simu, kisha mfungie. Mwambie mtu mzima siku hiyohiyo.

Piga 116, simu ya msaada wa watoto. Ni bure, mchana na usiku, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Mzazi, nenda kituo cha polisi uulizie dawati la jinsia, au nenda kwa afisa wa watoto. Idara ya upelelezi, DCI, ina kitengo cha kulinda watoto. Vilevile kuna huduma ya bure iitwayo Take It Down, inayoendeshwa na shirika la Marekani la kutafuta watoto waliopotea. Mtoto haitumi picha yake kokote. Simu inatengeneza alama ya picha ile, na mitandao iliyojiunga, kama Facebook, Instagram na TikTok, inaitumia alama hiyo kuitafuta na kuiondoa. Haiulizi jina.

Na kanisa nalo linahusika. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inataka kibali cha mzazi kabla ya kutumia habari za mtoto, picha ikiwemo. Mnamo Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila kibali cha wazazi. Tumekubaliana na wazee wa kanisa kwamba kuanzia likizo hii, fomu ya kambi ya vijana itakuwa na sehemu ya mzazi kukubali au kukataa picha. Na kijana akija madhabahuni akilia, hakuna simu itakayoinuliwa. Machozi yale ameyaleta kwa Mungu, hayaendi kwenye stetasi ya mtu.

Tuombe

Baba, wewe unatuona sirini na hutuaniki. Walinde watoto wetu katika njia tusizoziona. Wape vijana hekima ya kumtambua mgeni, na wazazi masikio ya kusikia kabla ya mkono wa kupiga. Aliyefungwa na vitisho usiku huu, mpe mtu wa kumwambia. Katika jina la Yesu, Amina.

Kwa ushirika wa nyumbani, wiki hii

1. Kila mzazi amuulize mtoto wake maswali matatu ya Isaya, na akubali kuulizwa yeye pia.
2. Nini katika simu ya familia yenu ni cha thome, nini ni cha ndani ya boma, na nini si cha mgeni yeyote?
3. Kila kijana ataje mtu mzima mmoja ambaye angemwendea usiku akiwa na shida. Asiyekuwa na jina la kutaja, ushirika usimwachilie aende bila kumpata.